Tunu ya Mfalme

Maneno "taifa teule" yamezoeleka mno madhabahuni, hata ni nadra kuuliza Waebrania wenyewe walikuwa na maana gani. Wengi huyasikia kana kwamba Mungu aliyashindanisha mataifa, akamtwaa mshindi. Kumbukumbu la Torati 7:7 inalikataa wazo hilo waziwazi: Israeli walikuwa wachache kuliko wote. Sura ya 9 inawaita watu wenye shingo ngumu. Sababu inayotajwa ni upendo, pamoja na kiapo walichoapiwa mababu.

Kwangu mimi, ufunguo umo katika neno moja la Kiebrania: segula. Ndilo linalotumika katika Kutoka 19:5, na Biblia yetu ya Kiswahili, Union Version, imelipa jina zuri la "tunu". Asili yake ni neno la mali, akiba ambayo mtu amejiwekea mwenyewe, ile aipendayo kuliko vyote. Ukitaka kuiona kwa macho, fungua 1 Mambo ya Nyakati 29. Daudi, mzee sasa, amesimama mbele ya kusanyiko. Vifaa vya hekalu amekwisha kuviandaa kwa wingi. Juu ya hivyo anatoa segula yake: talanta 3,000 za dhahabu ya Ofiri na talanta 7,000 za fedha iliyosafishwa. Talanta moja ilikaribia kilo 30! Na hazina hiyo haiendi kufungiwa sandukuni tena. Inakwenda kufunika kuta za nyumba watakayoingia wengine.

Ndiyo maana pale Sinai, katika Kutoka 19, mara tu baada ya "tunu", linafuata jina la ufalme wa makuhani. Kuhani hajiwekei mwenyewe. Husimama kwa ajili ya watu. Tena aya yenyewe ya "tunu" inakumbusha kwamba dunia yote ni mali ya Mungu.

Aliyelisema hili kwa ukali kuliko wote ni Amosi, mchungaji wa Tekoa, katika karne ya 8 kabla ya Kristo. Katika 3:2, kujulikana na Mungu ndiko kunakowaletea Israeli adhabu. Katika 9:7 anawaweka sawa na Wakushi, watu wa nchi iliyo kusini ya Misri, kisha anataja safari tatu: Israeli kutoka Misri, Wafilisti kutoka Kaftori, Waaramu kutoka Kiri. Wafilisti, adui wa vizazi na vizazi! Katika Kiebrania, kitenzi kimoja tu, "nilipandisha", kinazibeba safari zote tatu.