Redio, Televisheni na Kiswahili cha Mashabiki wa Kandanda: Mfano wa Matulo

Makala haya yanakusudia kueleza namna mashabiki wa kandanda wanavyoizungumza mechi waliyoisikia au kuiona, na namna chombo kilichowaletea mechi hiyo kinavyoathiri sarufi na msamiati wa mazungumzo yao. Mfano wetu ni Matulo, katika eneo la Webuye, baina ya Bungoma na Kitale. Huko Lubukusu ndiyo lugha ya nyumbani kwa walio wengi, Kiswahili ni lugha ya sokoni na barabarani, na Kiingereza ni lugha ya darasani. Wako wenzetu wanaodhani kwamba barazani pa mpira si mahali pa kutafutia Kiswahili. Lakini ni vigumu kutaja jambo jingine linalowafanya wanaume na vijana wa bara, ambao Kiswahili si lugha yao ya mama, wabishane kwa lugha hii saa nzima pasipo kulazimishwa na mtu.

Hatuna budi kuanzia kwenye redio. Shirika la BBC lilipotangaza mechi ya ligi kwa mara ya kwanza, tarehe 22 Januari 1927, baina ya Arsenal na Sheffield United, wasikilizaji walikwisha kuchapishiwa mchoro wa uwanja uliogawanywa katika miraba yenye nambari. Mtangazaji alieleza mchezo, na sauti ya pili ikataja nambari ya mraba ulipo mpira. Watangazaji wa Kiswahili walilitatua tatizo hilohilo bila mchoro wowote. Walisema kwamba timu fulani inashambulia kutoka kushoto kwenda kulia mwa redio yako. Usemi huu unastahili kutazamwa kwa makini. Mtangazaji hakumtaka msikilizaji ajifikirie yuko Nairobi. Alikichukua kiwanja kizima akakiweka mbele ya redio, mezani pa mwenye nyumba. Kushoto na kulia vikawa vya msikilizaji mwenyewe, hata kama yuko Matulo na redio yake imetundikwa mtini.

Kenya ilipata bahati ya kuwa na Leonard Mambo Mbotela katika Sauti ya Kenya, iliyorejeshewa jina la KBC mwaka 1989. Mbotela, aliyefariki Februari 2025, alikuwa mzaliwa wa Mombasa, wa ukoo wa James Mbotela aliyeandika *Uhuru wa Watumwa*. Kwa hiyo Kiswahili kilichopanda bara pamoja na mpira kilikuwa cha mwambao. Gor Mahia ilipotwaa Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1987, kwa sare ya 2-2 na Espérance mjini Tunis na ya 1-1 jijini Nairobi, wengi walioko mbali na mji mkuu waliupokea ushindi huo kwa masikio.

Sarufi ya utangazaji wa redio ina sifa zake. Wakati wa -na- hutawala: anakwenda, anampita mmoja, anaachia shuti. Tendo likishaisha ghafla, kiambishi cha nafsi humezwa na -ka- hujitokeza mahali pa -me-: kampiga chenga, kapaisha. Viashiria hurefushwa, na jina la mchezaji husimama peke yake pasipo kitenzi, kwani kasi ya mpira haingoji sentensi itimie. Shabiki aliyelelewa na redio husimulia mechi vivyo hivyo. Mwulize juu ya bao la zamani, naye atakutangazia: atakwambia mpira ulitoka kwa nani, ukapita wapi, beki akafanya nini, kabla ya kufika wavuni. Msimulizi wa ngano hufuata njia hiyohiyo.

Televisheni imeleta hali nyingine. Picha imekwisha kusema mpira uko wapi, na mtangazaji anayejua kazi yake hupunguza maelezo. Papo hapo marudio humwonyesha mtazamaji tendo lilelile mara tatu, nne, kutoka pembe mbalimbali. Tangu mwamuzi wa video alipotumika katika Kombe la Dunia la 2018, marudio hayo yamepata hata nguvu ya hukumu. Matokeo yake katika lugha ni kwamba usimulizi umepungua na masharti yameongezeka. Tarehe 22 Agosti 2025, katika robo fainali ya CHAN huko Kasarani, Kenya na Madagascar zilitoka sare ya 1-1, kisha Madagascar ikashinda kwa mikwaju ya penalti. Mechi kama hiyo huzaa sentensi za namna hii: angeupiga chini, kipa asingeufikia; tungemaliza mapema, tusingefika kwenye penalti. Mwalimu anayetafuta mifano ya -nge- na -singe- kwa wanafunzi wake angeipata hapo tele. (Kiambishi -ngali-, ambacho vitabu vya sarufi hukitengea mambo yaliyokwisha kupita, ni nadra kusikika; -nge- imebeba kazi zote mbili.)

Sisemi kwamba shabiki wa televisheni ni maskini wa lugha kuliko yule wa redio. Mmoja husimulia, mwingine huhukumu, na kuhukumu nako kuna ufasaha wake. Jambo linalotia wasiwasi liko kwingine. Mechi za Ulaya huwafikia watazamaji wengi wa bara pamoja na sauti ya Kiingereza. Shabiki husikia Kiingereza, huona picha, kisha hubishana kwa Kiswahili; yaani ni mfasiri asiyelipwa. Neno lililo karibu ndilo atakalolichukua. Msikilizaji wa redio ya Kiswahili alipewa *kuotea*, ambalo ni kitenzi kamili: ameotea, hakuotea, mwenye kuotea. Mtazamaji wa leo hupewa *ofsaidi*, nomino isiyonyambulika, inayohitaji *alikuwa* au *ni* kuiegemeza.

Hata hivyo, msamiati wa zamani una mizizi mirefu. *Kumvisha mtu kanzu* ni kuupitisha mpira juu ya kichwa chake, kama vazi hilo linavyovaliwa kwa kupitishwa kichwani. Sitiari hiyo ilizaliwa palipo na kanzu, ikasafiri hewani hadi vijijini kwa wakulima wa mahindi na miwa, na hakuna anayeomba aelezwe. *Kufunga* ni kitendawili kizuri zaidi. Mlinda lango ndiye atakaye lango lifungwe, lakini mshambuliaji ndiye *afungaye*. Kitenzi hiki hapa hakihusu mlango hata kidogo: *kumfunga mtu* ni kumshinda mchezoni, na *bao*, nalo latoka katika mchezo wa bao. Ndiyo maana twaweza kusema *amefunga bao*, na vilevile *amemfunga kipa*, yambwa zikiwa mbili tofauti kabisa. Neno *kipa* nalo lilianza na ki- ya Kiingereza, lakini halikwenda njia ya *kitabu* na *vitabu*. Wingi wake ni *makipa*, na upatanisho wake ni wa viumbe hai: kipa amedaka, makipa wamedaka.

Katika Matulo maneno hayo hupita tena kwenye chekeche la Lubukusu. Lugha hiyo haina vipasuo ghuna ila baada ya nazali, hivyo mzee aliyejifunza Kiswahili ukubwani aweza kusema *koli* kwa goli na *takika* kwa dakika. *Kadi* nayo huwa *kati*, na hapo muktadha ndio utakaoonyesha kama mchezaji ameonyeshwa kadi au amesimama kati. Vijana waliosoma hutamka tofauti hizo barabara na huwacheka wazee wao. Lakini wazee hao ndio walioisikiliza redio zaidi, na kwao *kuotea* ndilo neno la kawaida. Vijana wanaowacheka husema *ofsaidi*. Mtafiti atakayepima Kiswahili kwa matamshi peke yake atawapa vijana alama zote, naye hatajua ni nani kati yao aliyekihifadhi kitenzi.