Kijana Mrefu na Mkataba wa Msimu Mmoja

Ilikuwa Februari 2021, mjini Yaoundé, Kamerun. Timu ya taifa ya Kenya ya mpira wa kikapu ilikuwa nyuma kwa pointi moja mbele ya Angola, nchi iliyokwisha kutwaa ubingwa wa Afrika mara 11, na saa ya uwanja ilikuwa imebakiza pumzi chache tu. Mpira ukamfikia Tylor Okari Ongwae. Akaruka, akautupa, ukatua kapuni muda ukiisha. Kenya 74, Angola 73. Ushindi huo ukaifungulia Kenya njia ya kurudi katika mashindano ya AfroBasket, ambayo haikuyaonja tangu yalipochezwa Nairobi mwaka 1993. Miaka 28 ilikuwa imepita, na wengi wa vijana waliokuwa wakirukaruka kwa furaha uwanjani siku ile walikuwa hawajazaliwa, au walikuwa bado wananyonya.

Okari na Ongwae ni majina ya Gusii. Mtu wa Kisii au Nyamira akiyasikia hahitaji kuelezwa zaidi. Hata gavana wa kwanza wa Kaunti ya Kisii, James Ongwae, alikuwa na jina hilo la pili. Ndiyo maana kwa majuma kadhaa baada ya siku ile, kila nilipompigia simu dada yangu aliyeolewa Kisii mjini, katika mtaa wa Wanubi, mazungumzo hayakumalizika pasipo kutajwa kapu la Yaoundé. Mwanawe, mpwa wangu, wakati huo alikuwa bado shule ya msingi. Leo ana miaka 17, ana urefu unaomlazimu kuinama mlangoni, na anachezea timu ya shule yake ya bweni katika michezo ya muhula wa kwanza. Ni kwa sababu yake ndiyo nimeishika kalamu.

Gusii haikuanza jana kupeleka wanamichezo ng'ambo. Nyandika Maiyoro alikimbia katika Michezo ya Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956, kabla ya Kenya kuwa na bendera yake, akawa wa saba katika mita 5,000. Miaka minne baadaye, mjini Rome, akawa wa sita. Naftali Temu, aliyeishi na kulima North Mugirango huko Nyamira hadi alipofariki mwaka 2003, ndiye Mkenya wa kwanza kuvaa medali ya dhahabu ya Olimpiki, katika mita 10,000 kule Mexico mwaka 1968. Mwaka 1972 mjini Munich, timu ya Kenya ilipotwaa dhahabu ya kupokezana mita 400 kwa wanne, watatu kati ya wanne hao, Charles Asati, Hezekiah Nyamau na Robert Ouko, walikuwa wana wa Gusii. Wazee hao walikwenda wakarudi. Sheria za enzi zao hazikumruhusu mwanamichezo wa Olimpiki kulipwa kwa kukimbia, kwa hiyo walirudi na medali, heshima na picha ukutani, kisha wakaendelea na kazi zao.

Kijana wa leo anayecheza kikapu ughaibuni ni mtu wa namna nyingine. Kwake mchezo ndio kazi yenyewe, na kazi hiyo ina tabia ambayo watu wa pwani wataitambua upesi kuliko wa bara. Tuliwajua mabaharia wa Mombasa walioandikishwa katika meli za kigeni. Baharia husaini kwa safari moja. Safari ikiisha, hushuka, hupumzika nyumbani miezi miwili au mitatu, kisha husubiri habari za meli nyingine. Huenda ikawa ile ile, huenda ikawa ya nchi asiyoijua lugha yake. Hivyo ndivyo waishivyo wachezaji wengi wa kulipwa walio nje ya ligi kubwa ya Marekani, NBA. Wachache wenye majina hupata mikataba ya miaka. Walio wengi husaini msimu mmoja, unaoanza majira ya vuli huko Ulaya na kumalizika majira ya kuchipua. Akiumia goti mwezi wa Novemba, klabu humtafuta mwingine. Isitoshe, ligi nyingi huweka kikomo cha wachezaji wa kigeni, kwa hiyo mgeni hushindania nafasi mbili au tatu dhidi ya Wamarekani, na hatarajiwi kuwa sawa na wenyeji bali kuwazidi.

Ongwae alipita njia ya masomo kwanza. Alicheza katika Chuo Kikuu cha Louisiana kilichoko Monroe, nchini Marekani, kabla ya kuingia katika mchezo wa kulipwa. Alipofunga kapu la Yaoundé alikuwa mchezaji wa Bakken Bears, klabu ya mji wa Aarhus nchini Denmark. Msomaji wa Lamu au Likoni na apige picha ya Aarhus mwezi wa Desemba: jua huchwa kabla ya saa kumi ya jioni, barafu i njiani, na kijana yuko peke yake katika nyumba ya kupanga ambayo mara nyingi hulipiwa na klabu, akiamka kwenda mazoezi ya asubuhi na kurudi tena jioni. Hakuna anayemjua barabarani. Kisha taifa linamwita: apande ndege, abadili hali ya hewa, acheze mechi tatu katika siku tatu pamoja na wenzake ambao hajakutana nao kwa miezi mingi, na arejee kazini. Miaka miwili kabla ya Yaoundé, mjini Bamako, alikuwamo katika timu ya Kenya iliyotwaa medali ya fedha ya AfroCan 2019, ikashindwa na Kongo katika fainali. Na mwaka 2021 walipofika Kigali kwa AfroBasket yenyewe, chini ya kocha Liz Mills wa Australia, mwanamke wa kwanza kuiongoza timu ya wanaume katika mashindano hayo, waliishinda Mali, kisha wakatolewa na Sudan Kusini kwa tofauti ya pointi mbili. Kapu moja tu. Mchezo huu hutoa na hutwaa kwa mkono ule ule.

Si lazima ughaibuni uwe Ulaya. Mwaka huo huo ilipoanzishwa ligi ya vilabu ya Afrika, Basketball Africa League, mjini Kigali, Mkenya mwingine, Tom Wamukota, aliichezea klabu ya Patriots ya Rwanda, na timu hiyo ikafika nusu fainali. Mimi naona njia hii ya karibu inadharauliwa bure. Kigali ni mwendo wa basi kutoka Kisii.

Sasa nirudi kwa mpwa wangu. Mwezi uliopita dada alinipigia simu usiku, sauti yake ikiwa na furaha iliyochanganyika na haya. Bwana mmoja alimwona kijana akicheza katika mechi ya shule, akachukua namba ya mama yake, akajitambulisha kuwa wakala. Alisema amempatia kijana majaribio katika klabu ya Ulaya, na kwamba shilingi 120,000 zingetosha kwa ada ya usajili na karatasi za safari. Zamu ya dada katika chama cha akina mama ilikuwa imefika. "Kaka," akaniambia, "fedha ninazo. Nataka dua yako tu."

Dua nilimpa, lakini nikamwomba siku tatu. Katika siku hizo nilijifunza mambo ambayo nadhani kila mzazi mwenye mtoto mrefu anapaswa kuyasikia.

Shirikisho la mpira wa kikapu la dunia, FIBA, huwapa mawakala leseni baada ya mtihani, na orodha ya wenye leseni iko wazi kwa yeyote kuisoma. Wakala wa kweli hupata haki yake mkataba ukishasainiwa, kwa kawaida asilimia ya mshahara, na mara nyingi klabu ndiyo inayolipa; hamtozi mama wa mwanafunzi kabla ya kazi kupatikana. Jambo la pili ni zito zaidi. Kanuni za FIBA haziruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa hali maalumu, kama vile wazazi wenyewe kuhamia huko kwa sababu zisizohusu mchezo. Hata mtu mzima, akitoka nchi moja kwenda nyingine, huhitaji barua ya ruhusa inayotolewa na shirikisho la nchi anayoiacha. Kijana wa miaka 17 aliyepelekwa kwa majaribio pasipo karatasi hizo si mchezaji. Ni mtoto aliyepotea uwanja wa ndege.

Na hata mkataba ukiwa halali, fedha huweza zisije. Vilabu vidogo hufilisika katikati ya msimu, au wafadhili hujitoa. Malalamiko ya mishahara isiyolipwa yalikuwa mengi hata FIBA ikaanzisha mwaka 2007 baraza la usuluhishi lenye makao Geneva, ambalo tangu 2011 linajulikana kwa herufi BAT. Mwamuzi wake mmoja hahukumu kwa sheria ya nchi fulani, bali kwa haki na uadilifu. Klabu isiyotii hukumu huweza kuzuiwa kusajili wachezaji wapya. Lakini mlango huo humfungukia tu yule ambaye mkataba wake umeutaja. Asiye na kifungu hicho atalazimika kuishtaki klabu katika mahakama za nchi hiyo, kwa lugha ya huko na kwa gharama zake. Niliposoma hayo, ilinijia ile aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, ya 282 ya Suratul Baqara, inayoamrisha deni liandikwe na mashahidi washike nafasi zao. Sisi huifundisha madrasa kisha tukawakabidhi watu fedha kwa namba ya simu.

Shemeji, ambaye ni mtu wa maneno machache, aliuliza jambo moja tu: je, kijana akifika huko ataweza kufunga na kuswali? Ni swali la haki. Nilimkumbusha Hakeem Olajuwon, Mnigeria wa Houston Rockets, aliyekuwa akifunga Ramadhani huku akicheza. Februari 1995, mwezi ulioangukia Ramadhani, alichaguliwa mchezaji bora wa mwezi katika NBA. Mabinti ndio waliosubiri zaidi. Mwaka 2014 timu ya wanawake ya Qatar ilijitoa katika Michezo ya Asia kule Incheon, Korea Kusini, kwa kukatazwa kucheza na hijabu. Mmarekani Bilqis Abdul-Qaadir, mfungaji hodari tangu shuleni, hakupata kuingia mchezo wa kulipwa kwa sababu ya kanuni hiyo hiyo. Ilibadilishwa na mkutano wa FIBA wa Mei 2017, ikaanza kutumika tarehe 1 Oktoba mwaka huo. Kwake yeye ilikuwa imechelewa.

Siku ya tatu nilimwambia dada amuulize yule bwana namba ya leseni yake, na jina la klabu itakayoandika barua ya mwaliko. Alimuuliza kwa adabu. Bwana akajibu kwamba mambo ya leseni ni ya watu wasioamini, kisha akapunguza bei hadi shilingi 80,000. Alipoulizwa mara ya pili, simu yake ikawa haipatikani.

Mpwa wangu alinuna siku mbili. Hakutaka hata kuongea nami. Siku ya tatu aliniandikia: "Mjomba, Ongwae alikwenda kwanza chuo kikuu, sivyo?" Nikamjibu ndivyo. Akauliza alama zipi za mtihani wa kidato cha nne zinahitajika ili apate ufadhili wa masomo Marekani. Tumeanza kuzitafuta pamoja, na hesabu ndiyo inayomsumbua. Fedha za chama dada amenunulia friji ya duka lake, na salio ameliweka. Jumamosi ijayo timu yake inacheza na Agoro Sare ya Oyugis, ambao kwa kikapu hawana mzaha, na baba yake ameahidi kufunga duka mapema ili akamtazame.