Shehena ya angani: Mawimbi ni ya bure, fedha ziko mita 100 za mwisho

MFANYABIASHARA mwenye akiba ndogo akisikia kwamba siku hizi miamvuli ya mizigo inaongozwa na setilaiti, wazo la kwanza humjia ni kutafuta hisa za makampuni ya setilaiti. Huko siko fedha ziliko.

Mawimbi ya GPS hayauzwi. Mwenye kipokezi huyapata bila kulipa hata senti, na chanzo chake ni msiba. Septemba 1, 1983 ndege ya abiria ya Korea ya Kusini ilipotea njia, ikaingia katika anga ya Urusi ya Kisovieti na kutunguliwa. Watu 269 walikufa. Mwezi huo huo serikali ya Rais Ronald Reagan ilitangaza kuwa mfumo huo wa jeshi la Marekani ungefunguliwa kwa ndege za kiraia bila malipo utakapokamilika. Hata hivyo, kwa miaka mingi Marekani iliyavuruga kwa makusudi mawimbi ya raia, hivi kwamba kosa liliweza kufika mita 100. Uvurugaji huo ulikomeshwa mwanzoni mwa Mei 2000.

Anayelipwa, basi, ni yule anayeweza kuigeuza hesabu ya mahali kuwa gunia lililotua mahali pale pale. Kati ya mambo hayo mawili kuna upepo, na upepo hauna bei ya bure.

Chukua mfano wa mzigo ulioachiwa kutoka mita 5,000 ukiwa na mwavuli wa kawaida wa duara, ukishuka mita 8 kwa sekunde. Utachukua dakika kumi na kitu kufika chini. Upepo wa mita 10 tu kwa sekunde utausukuma kilomita sita. Rubani anaweza kujua aliko kwa usahihi wote wa dunia, na chakula kikaangukia kwa jirani.

Jambo hilo lilitokea Deir ez-Zor, Syria. Mji ulikuwa umezingirwa, na ndege za Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) zililazimika kuruka juu sana kukwepa silaha za ardhini. Februari 24, 2016 zilidondoshwa tani 21 kwa mara ya kwanza. Katika marobota 21, manne yaliharibika, saba yaliangukia katikati ya pande zinazopigana na kumi hayakujulikana yalikokwenda. Hakuna hata moja lililomfikia mlengwa. Shirika lilisimama, likarekebisha hesabu za upepo na miamvuli, likarudi Aprili. Hadi mzingiro ulipovunjwa mwaka 2017 lilikuwa limedondosha zaidi ya mara 300. Ikumbukwe kuwa shirika hilo lenyewe limewahi kueleza kuwa kudondosha chakula kwa ndege hugharimu hadi mara saba ya kukipeleka kwa lori. Robota likipotea, limepotea kwa bei hiyo ya mara saba.

Wenzetu wa Turkana wanaijua biashara hii kwa njia rahisi zaidi. Tangu 1989 Lokichoggio ilikuwa kituo cha misaada ya Sudan ya Kusini, na ndege ziliruka chini, mita mia mbili au tatu, zikimwaga magunia yaliyovalishwa magunia mengine bila mwavuli wowote. Karibu na ardhi upepo hauna muda wa kufanya fitina. Teknolojia ilikuwa gunia la ziada, na walionufaika walikuwa wauza mafuta, wenye nyumba za kulala wageni na vibarua wa kupakia. Amani ya 2005 ilipokuja na mashirika kuhamia Juba, mji ulinywea.

Kwa anayelazimika kuruka juu, jibu la Marekani ni mfumo wa JPADS, uliotumika vitani kwa mara ya kwanza Afghanistan mwezi Agosti 2006. Kabla ya kudondosha, kifaa kidogo hurushwa kupima upepo wa kila tabaka na kompyuta ndani ya ndege hupiga hesabu ya mahali pa kuachia. Mwavuli wenyewe una umbo la bawa, na juu ya mzigo kuna sanduku lenye kipokezi cha GPS na mota inayovuta kamba za kushoto na kulia, kama mtu anayeshika hatamu za punda.

Mwekezaji aangalie sanduku hilo. Ni ghali, kwa hiyo jeshi hulitaka lirudi. Askari aliye mlimani, mwenye mzigo wake tayari mgongoni, anatakiwa alibebe pia au asubiri helikopta. Ndiyo maana mwavuli wa bei ndogo, usio na akili na wa kutumia mara moja kisha kutupwa, haukufa. Kwa macho ya soko, kinachotupwa ndicho kinachonunuliwa tena.

Desemba 2013 kampuni ya Airborne Systems, mmoja wa watengenezaji wakubwa wa miamvuli hiyo inayoongozwa, ilinunuliwa na TransDigm kwa takriban dola milioni 250. TransDigm iko katika soko la hisa la New York na inajulikana kwa kununua makampuni yenye vipuri vya ndege visivyo na mshindani. Faida yake imewavutia wengi, lakini mwaka 2019 mkaguzi wa wizara ya ulinzi ya Marekani alisema bei za baadhi ya vipuri zilipita kiasi, na kampuni ikarejesha dola milioni 16.1. Mnunuzi mmoja mkubwa ni neema hadi siku anapokagua risiti.

Trimble nayo ina la kufundisha. Iliuza hisa kwa umma mwaka 1990, na vita vya Ghuba vilipozuka jeshi la Marekani likanunua vipokezi vyake kwa maelfu. Vita vikaisha, oda zikakatika, hasara ikabisha hodi. Iliyoiokoa baadaye ni kazi isiyo na mbwembwe: upimaji wa ardhi, ujenzi na matrekta.

Wakati huo huo, soko limegeuka upande ambao wengi hawakuutegemea. Mawimbi ya bure ni dhaifu sana yanapofika ardhini, na kuyaziba hakuhitaji mtambo mkubwa. Aprili 2024 ndege mbili za Finnair zilizokuwa zikienda Tartu, Estonia, zilishindwa kutua na kurudi Helsinki kwa sababu ya mawimbi kuvurugwa. Safari zilisimamishwa mwezi mzima, kwani uwanja huo ulitegemea GPS kwa kutua. Zilianza tena Juni, baada ya kuandaliwa utaratibu unaotumia minara ya redio ya ardhini, teknolojia ambayo wengine walishaihesabu kuwa chuma chakavu.

Kwetu, mapema 2025 serikali ya Kongo ililalamika kuwa GPS za ndege zinavurugwa mashariki mwa nchi, ikiinyooshea kidole Rwanda. Hayo ni madai ya upande mmoja, lakini yanamgusa mwenye bidhaa angani. Rwanda yenyewe ndiko Zipline ilikoanza mwaka 2016 kupeleka damu hospitalini kwa ndege zisizo na rubani, zikidondosha kifurushi kwa mwavuli wa karatasi. Kampuni hiyo ni ya watu binafsi na hisa zake hazikuletwa sokoni kwa ajili ya mwenye akiba ndogo.

Msomaji anayesafirisha samaki, maua au dawa kwa ndege asome upya karatasi yake ya bima. Vifungu vya kawaida vya shehena ya ndege haviingizi hasara ya vita, ambayo hukatiwa bima yake mbali. Aidha havilipi hasara itokanayo na kuchelewa, hata kama sababu ya kuchelewa haikuwa kosa la mwenye mali. Ndege ikigeuza njia kwa kukosa mawimbi na minofu ikaozea kwenye uwanja mwingine, malipo ni ya mwenye minofu.