Treni ndefu: ni hesabu ya vagoni tu?

Wanafunzi wenzetu, sisi wa Buluo tunazoea kuhesabu vagoni treni ya mizigo ikipita. Lakini ni kitu gani kinaamua zifike ngapi?

Mambo matatu njo yanaamua. La kwanza ni kilima. Chuma kinachounga vagoni ya mbele kinavuta uzito wa zote za nyuma, kikilemewa, kinakatika. La pili ni freni. Zinatumia hewa ya bomba linalotoka kwa lokomotivi mpaka vagoni ya mwisho. Mwendeshaji akifunga, vagoni za mbele zinashika kwanza, za nyuma zinachelewa na kuzigonga. Treni ikiwa ndefu zaidi, ule mgongano unazidi. La tatu: kwa reli moja, treni zinapishana kituoni tu. Treni ikipita urefu wa njia ya kupishania, mkia wake unafunga njia.

Wengine waliweka sheria. Huko Marekani, jimbo la Arizona lilisema mwaka 1912: treni ya mizigo isipite vagoni 70, ya abiria isipite 14, ili kulinda wafanyakazi na mishituko. Mwaka 1945 Mahakama Kuu ya Marekani ilivunja ile sheria. Juu ya nini? Treni zilikatwakatwa sababu ya jimbo moja, biashara ya majimbo mengine ikazuiwa. Tena treni fupi zinakuwa nyingi, na treni nyingi zinaleta ajali zao mahali reli inakata barabara.

Kumbe ufupi peke yake hauokoi mtu. Tuangalie kwetu. Usiku wa tarehe 10 mwezi wa tatu 2022, treni ya mizigo ya SNCC iliyotoka Luena kwenda Tenke iliacha reli kule Buyofwe, upande wa Lubudi. Ilikuwa na vagoni 15 tu, na 12 hazikuwa na mzigo. Lakini watu walikuwa wamepanda. Vagoni 7 ziliangukia bondeni, watu 75 wakakufa. Sheria ya Arizona ingeiacha ipite.

Tunajua wengi wanapanda kwa kukosa nauli ao gari. Ile shida ni ya kweli. Lakini vagoni ya mizigo haina kiti wala pa kujishika, na mwendeshaji hajui kama uko nyuma. Basi ndugu, mtu wa nyumbani akitaka kusafiri juu ya mzigo, umuelezee habari ya Buyofwe mbele hajapanda.