Boldtusk hana pigo hata moja, lakini usimtoe kwenye kikosi chako

Uliza wachezaji wa Empires & Puzzles shujaa gani wa moto wanamtamani, na majibu yatakuwa yale yale. Watakutajia wale wa nyota tano, wale wakipiga mara moja adui analala. Ni wachache watakaokutajia Boldtusk. Huyu ni jamaa wa nyota nne mwenye meno yaliyochomoza kama ya ngiri, na akitumia uwezo wake maalum hakuna adui hata mmoja anayeumia.

Sasa mtu atauliza: shujaa wa moto asiyemchoma mtu ni wa kazi gani?

Ni swali zuri, na lina pesa ndani yake. Gemu hii unaipakua bure, lakini imeundwa ili ukichoka kusubiri uingie dukani ununue vito, na kwa simu zetu ununuzi ni jambo la sekunde chache tu. Ukijua kumpima shujaa uliye naye tayari, utajua kama kweli unahitaji kumnunua mwingine. Ndiyo maana leo tunamweka Boldtusk kwenye mizani, mazuri yake na mabaya yake.

Kwa mgeni wa gemu hii

Empires & Puzzles ilitoka mwaka wa 2017, kazi ya kampuni ya Small Giant Games kutoka Helsinki, Finland. Mwishoni mwa 2018, Zynga ya Marekani ilitangaza kununua asilimia 80 ya kampuni hiyo kwa dola milioni 560. Kwa hivyo ukisikia mtu akisema ni mchezo tu wa watoto, mwambie aangalie hiyo hesabu tena.

Kucheza kwenyewe si kugumu. Una ubao wa ngao za rangi, saba kwa tano, jumla 35. Ukipanga tatu za rangi moja zinapasuka na kuruka juu kumpiga adui aliye mbele yake. Wakati huo huo, mashujaa wako wa rangi hiyo wanajazwa mana, ambayo ni kama mafuta ya gari. Tangi likijaa, unamgusa shujaa na anatoa uwezo wake maalum. Kikosi ni cha watu watano.

Kuna rangi tano. Nyekundu ya moto huiumiza zaidi kijani ya mimea, kijani huiumiza samawati ya barafu, nayo barafu huuzima moto. Njano na zambarau, nuru na giza, zinaumizana zenyewe kwa zenyewe. Ukishika hilo tu, umewapita wengi wanaocheza kwa kubahatisha.

Anachofanya Boldtusk

Ukimgusa Boldtusk, mambo mawili yanatokea kwa mpigo. Kwanza anarudisha afya ya kikosi kizima. Uwezo wake ukifika kiwango cha 8, ambacho ndicho cha juu, kila mwenzake anapata zaidi ya asilimia 40 ya afya yake, palepale, bila kungoja. Pili, nguvu ya mashambulizi ya kila mmoja wao inapanda kwa karibu nusu, na inabaki hivyo kwa raundi nne.

Hapo ndipo watu hawamwelewi. Wakiona shujaa anatibu wanamweka kapu moja na waganga, wanangoja hadi kikosi kiwe taabani ndipo wamguse. Boldtusk si mganga wa kungoja wagonjwa. Mfikirie kama N'Golo Kanté pale Leicester mwaka wa 2016 na Chelsea mwaka wa 2017. Jamaa alichukua ubingwa wa Uingereza misimu miwili mfululizo na klabu mbili tofauti, na hakuna aliyekuwa akimngojea afunge mabao. Alikimbia ili wengine wafunge.

Nguvu zake

Ya kwanza ni kwamba anaongeza makali ya ngao zenyewe. Mashujaa wengi hukusaidia siku wakijaa mana pekee. Ukishamgusa Boldtusk, kila ngao unayopasua kwa raundi nne zinazofuata inapiga kwa nguvu zaidi. Kwa kikosi kilichojaa wekundu, dhidi ya adui wa kijani, hizo raundi nne ni noma.

Ya pili ni kwamba anashirikiana na wenzake wa bei ya chini. Mchukue Gormek, mwekundu mwingine wa nyota nne, ambaye hupunguza ulinzi wa adui anayempiga na wale walio kando yake. Mguse Gormek kwanza, ulinzi wa adui ushuke. Kisha Boldtusk, mashambulizi yako yapande. Katika gemu hii uharibifu unatokana na mashambulizi yako yakipimwa dhidi ya ulinzi wa adui, kwa hivyo faida hizi mbili zinazidishana. Baada ya hapo mlete Colen, anayepiga maadui wote na kuwaacha wakiungua, au Scarlett, anayepiga kwa nguvu na kupunguza makali ya adui. Hawa wote ni wa nyota nne. Mpangilio wa kuwagusa ndio unaofanya kazi hapo, kuliko hata idadi ya nyota.

Ya tatu ni kwamba anapatikana. Boldtusk ni wa kundi la mashujaa wa kawaida, si wale wa msimu wanaokuja mwezi mmoja na kutoweka. Anaweza kukutokea kwenye kambi ya mafunzo uliyoijenga mwenyewe kwa chakula na askari ulioukusanya vitani. Unahitaji subira tu.

Ya nne, kumkuza si gharama kama kumkuza wa nyota tano. Wa nyota nne hufika ngazi ya 70 na wa nyota tano ngazi ya 80, lakini vifaa vya kuwapandisha hawa wakubwa ni adimu sana. Unaweza kumiliki shujaa wa nyota tano akakaa miezi amekwama katikati, huku Boldtusk wako ashamaliza ngazi zote na anapiga kazi kila siku. Ukimkuza, mlishe mashujaa wekundu wenzake. Rangi ikilingana anapata uzoefu zaidi, na ndiyo njia ya kuupandisha ule uwezo wake hadi 8.

Udhaifu wake

Tusimpake mafuta kwa mgongo wa chupa. Boldtusk ana mapungufu, na mengine yanaweza kukupokonya ushindi.

Kwanza, hana pigo. Wenzake wakishaanguka na amebaki peke yake na adui mmoja mwenye afya kidogo, hana la kummalizia isipokuwa ngao za ubaoni. Hafufui aliyekufa pia. Kikosi chenye waganga wawili na mpigaji mmoja kitaishi muda mrefu, halafu kishindwe polepole.

Pili, hasafishi uchafu. Wenzako wakiwa wamemwagiwa sumu, wanaungua, au ulinzi wao umeshushwa, Boldtusk atawarudishia afya lakini balaa litabaki palepale. Utatibu leo, sumu itakula kesho. Ukikutana na kikosi cha sumu, mtafutie mwenzake anayeweza kusafisha.

Tatu, kasi yake ni ya wastani. Shujaa wa kasi anahitaji ngao 8 kujaa mana, wa wastani kama Boldtusk anahitaji 10, wa polepole 12. Ngao mbili zinaonekana kidogo hadi siku ubao ukugomee. Kuna siku unapewa njano na zambarau kila upande, nyekundu hakuna, na kikosi chako cha moto kinakaa tu kikipigwa.

Nne, nguvu anazowapa wenzake zinaweza kufutwa. Kuna mashujaa kazi yao ni kuondoa kila faida uliyojipa. Sonya ni mmoja wao, na kuna kingine kibaya zaidi: Sonya ni wa barafu, na barafu tayari ina faida juu ya moto. Anakuumiza na kukuvua nguo kwa wakati mmoja. Ukimwona upande wa pili, mmalize kwanza kabla hujamgusa Boldtusk.

Tano, na huu kwa maoni yangu ndio udhaifu mkubwa zaidi ingawa hautajwi sana: tiba na nguvu ziko kwenye kitufe kimoja. Ukimgusa mapema ili kushambulia wakati afya imejaa, tiba inamwagika bure. Ukimweka akiba ya tiba, raundi nne za mashambulizi zinapotea. Huwezi kupata yote kwa ukamilifu, lazima uchague. Kanuni yangu ni hii: kama wapigaji wawili wamejaa mana au wamebakisha ngao chache, mguse Boldtusk sasa hivi, hata afya ikiwa nzuri. Kama hakuna mpigaji aliye karibu kujaa, mshikilie hadi afya ishuke nusu.

Kwa sababu hiyo hiyo, sipendi kumwona kwenye kikosi cha ulinzi. Ukivamiwa huchezi mwenyewe, kompyuta ndiyo inayochezesha mashujaa wako, nayo haina subira. Shujaa akijaa anaachilia tu. Tiba itatolewa wakati hakuna majeraha, na nguvu zitatolewa wakati hakuna wa kuzitumia. Mikononi mwa mtu anayefikiri Boldtusk ni almasi. Kwa kompyuta, yeye ni kizuizi cha kawaida tu.

Kwenye vita vya miungano

Ukijiunga na muungano, unaoweza kuwa na watu hadi 30, thamani yake inaongezeka zaidi. Kwenye vita una nafasi sita za kushambulia na shujaa akishatumika hawezi kurudi vita hivyo. Yaani ukitaka kushambulia mara zote sita na kikosi kamili, unahitaji mashujaa 30 waliokuzwa. Hapa mwenye nyota tano nne tu na kundi la wachovu nyuma yake anaumbuka. Atashinda shambulio la kwanza, la pili akipumua, kuanzia la tatu anaaga.

Mwenye benchi ya nyota nne zilizokomaa anaendelea hadi mwisho. Ndiyo maana wachezaji wazoefu hawaoni haya kukuza Boldtusk wawili au zaidi. Kila mmoja ni moyo wa kikosi kingine chekundu.

Kabla hujafungua mfuko

Sasa turudi kwenye pesa. Tuseme nafasi ya kupata shujaa wa nyota tano ni asilimia 1.5 kila unapoita. Wengi wanadhani ukiita mara 100 lazima apatikane mmoja. Hapana. Uwezekano wa kukosa mara zote 100 ni kama asilimia 22. Kwa lugha ya mtaa, wasee 100 wakiita mara 100 kila mmoja, karibu 22 watatoka mikono mitupu. Na wale waliobahatika, wa kwao anaweza kuwa wa rangi wasiyoihitaji, kisha akae akingoja vifaa vya kumpandisha ngazi.

Nimewaona vijana wenzangu tuliokuwa nao chuoni wakitumia hela ya chakula kwa mchezo kama huu, kisha wakichukua mkopo wa simu ili kurudisha ile hela ya chakula. Shujaa aliwatokea? Mmoja alitokewa. Mkopo ulimtokea kila mmoja wao. Nchini Ubelgiji, tume inayosimamia kamari iliamua mwaka wa 2018 kwamba visanduku vya bahati vya kulipia katika baadhi ya gemu ni kamari. Kwetu, mtu wa kukuzuia ni wewe mwenyewe.

Sisemi usinunue kitu kamwe. Aliyekula, akalipa nyumba, na akabakiwa na mia mbili za kujifurahisha, hizo ni zake. Ninachosema ni kwamba tamaa ya nyota tano huanza pale mtu anapodhani alichonacho hakifai. Mara nyingi kinafaa, ni vile tu hajakijua.

Hukumu

Kwa kushambulia, Boldtusk nampa 9 kwa 10. Hakuna mwekundu wa nyota nne ninayeweza kumtanguliza mbele yake. Kwa vita vya muungano nampa 9 pia. Kwa ulinzi nampa 5, na hapo nimekuwa mkarimu. Dhidi ya maadui wa kijani mwite bila kufikiri mara mbili. Dhidi ya kikosi kilichojaa barafu mpumzishe, haoni kitu hapo.

Kama umempata na bado yuko ngazi ya 20 akikusanya vumbi, anza kumlisha leo. Mweke katikati ya Gormek na Scarlett, subiri wapigaji wakaribie kujaa, ndipo umguse. Kisha hesabu ngao zako kwa raundi nne na uone kama bado unahitaji kwenda dukani.