Bastola si Baiskeli: Ujuzi Uliokaa Muda Mrefu Bila Kutumika Huenda Wapi?

Mtaani tunasema ukishajua baiskeli umejua, hata ukikaa miaka kumi bila kuipanda. Kwa kiasi kikubwa ni kweli. Mtu aliyekulia Bunda akibeba madumu ya maji kwa baiskeli, akaenda kuishi Dar miaka kumi na tano, akirudi likizo atayumba mita mbili tatu kisha ataendelea kama jana. Na mvuvi wa Musoma aliyeacha ziwa akafungua duka, mpe kasia leo uone.

Sasa jiulize: kulenga shabaha kwa bastola nako ni hivyo hivyo? Swali hili si la kwenye sinema. Mkoani Mara kuna watu wengi wanaoshika silaha kihalali: askari polisi, walinzi mjini Musoma, askari wa uhifadhi upande wa Serengeti (geti la Ndabaka liko Bunda, kando ya barabara ya Mwanza–Musoma), na raia wenye leseni. Halafu kuna vijana waliopita JKT Rwamkoma, Butiama, tangu mafunzo ya mujibu wa sheria yaliporudi mwaka 2013 baada ya kusimama tangu 1994. Hao walishika bunduki, si bastola, lakini kanuni za ubongo ni zile zile.

Wengi wao hupitisha muda mrefu bila kufyatua hata risasi moja. Mmoja kaenda masomoni, mwingine kahamishiwa ofisini, wa tatu kafungia silaha yake kabatini. Siku wanaporudi, nini kipo na nini kimeondoka?

Jibu fupi ni hili: kinachobaki ni kikubwa kuliko unavyodhani, ila kinachowahi kuondoka ndicho kinachokulinda wewe na aliyesimama pembeni yako. Twende polepole.

Kumbukumbu ziko za aina mbili

Mwaka 1953 Mmarekani mmoja, Henry Molaison, alifanyiwa upasuaji wa ubongo kutibu kifafa. Baada ya hapo hakuweza tena kuhifadhi kumbukumbu mpya za matukio. Unazungumza naye, unatoka, ukirudi anakuona mgeni. Lakini mtafiti Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu. Siku baada ya siku aliichora vizuri zaidi, ingawa kila siku alidhani ndiyo mara yake ya kwanza.

Maana yake ni kwamba ujuzi wa mwili huhifadhiwa kwa njia tofauti na kumbukumbu za maneno na matukio. Ndiyo maana unaweza kusahau jina la mwalimu aliyekufundisha, lakini mkono ukakumbuka alichokufundisha.

Watafiti Robert Bjork na Elizabeth Bjork walieleza jambo la pili mwaka 1992. Walisema kila tulichojifunza kina nguvu mbili. Ya kwanza ni ya kuhifadhiwa: kimezama kiasi gani kichwani. Ya pili ni ya kuchomolewa: unaweza kukipata sasa hivi kwa wepesi gani. Usipokitumia kitu, nguvu ya pili hushuka, lakini ya kwanza hubaki. Ni kama ghala lenye magunia yaliyojaa, ila njia ya kuelekea mlangoni imeota majani. Mahindi yamo, shida ni njia. Ndiyo maana kujifunza upya huwa haraka kuliko kujifunza mara ya kwanza, jambo ambalo Mjerumani Hermann Ebbinghaus alilipima tangu mwaka 1885.

Kwa nini baiskeli hubaki na bastola huteleza?

Mwaka 1998 Winfred Arthur na wenzake walikusanya tafiti nyingi kuhusu ujuzi usiotumika na kuzichambua kwa pamoja. Kazi za mwili zilidumu vizuri kuliko kazi za kufikiri. Lakini pia kazi zinazodai usahihi zilipotea zaidi kuliko zile zinazodai kasi.

Baiskeli ni kazi ya mwili inayoendelea bila kukatika. Ukiinama kidogo unajirekebisha, tena na tena, na barabara inakusahihisha papo hapo. Bastola ni kazi ya hatua zenye mwanzo na mwisho: kagua, shika, inua, lenga, bonyeza. Risasi ikishatoka hairudi kurekebishwa. Zaidi ya hapo, inadai usahihi wa kutisha.

Tupige hesabu kidogo. Tuseme kati ya alama ya nyuma na ya mbele za kulengea kuna sentimita 15, kama ilivyo kwenye bastola nyingi. Alama ya mbele ikihama milimita 1 tu wakati wa kufyatua, kosa hilo hukua kadiri risasi inavyokwenda. Kwa shabaha iliyo mita 10, risasi itapiga karibu sentimita 7 mbali na ulipolenga. Kwa mita 25 ni karibu sentimita 17. Bunduki ndefu ambayo alama zake zimeachana nusu mita, kosa lile lile kwa mita 10 ni sentimita 2 tu. Kwa hiyo yule aliyekuwa anapiga vizuri na bunduki Rwamkoma asishangae bastola ikimuaibisha.

Na milimita hiyo moja hutoka wapi? Mara nyingi hutoka kidoleni. Bastola nyingi za kazini zina uzito wa takriban kilo moja zikiwa na risasi, wakati kifyatulio chake hudai kubonyezwa kwa nguvu ya kilo mbili au zaidi. Yaani unasukuma kitu kwa nguvu kubwa kuliko uzito wake, halafu unataka kitulie! Hapo ndipo palipo na ujuzi wenyewe: kidole kitembee peke yake, mkono wote ukae kimya. Uratibu mdogo kama huo ndio unaopoteza makali usipotumika.

Kinachoondoka bila kuaga

Kuna vitu vitatu vya kuangalia.

Cha kwanza ni mpangilio wa hatua za usalama, na hapa ndipo pa hatari kuliko pote. Ili kuhakikisha bastola ya magazini iko tupu, unaielekeza upande salama, unatoa magazini kwanza, kisha unavuta nyuma sehemu ya juu ili risasi iliyomo kwenye chemba itoke, halafu unatazama na kupapasa ndani. Sasa geuza hatua mbili tu: vuta kwanza, kisha toa magazini. Risasi ya kwanza itaruka nje, na sehemu ile ikirudi mbele itasukuma risasi nyingine kutoka kwenye magazini hadi kwenye chemba. Unabaki na magazini mkononi, risasi moja imeanguka chini, na moyoni una uhakika kabisa kwamba silaha ni tupu. Siyo tupu.

Angalia vizuri: hatua zote zilifanyika, kilichokosewa ni mpangilio tu. Jambo hili halihusu silaha peke yake. Hata wahudumu wa afya waliofundishwa kukandamiza kifua cha mtu ambaye moyo wake umesimama huanza kupoteza ubora wa ujuzi huo ndani ya miezi michache wasipourudia. Ndiyo maana hufundishwa upya mara kwa mara.

Cha pili ni utulivu mbele ya mlio. Mlio mkubwa na teke la silaha humfanya mtu yeyote ashtuke, hilo ni umbile. Mazoezi huuzoesha mwili, na ukiacha, woga hurudi. Mtu anajikaza muda mfupi tu kabla ya kufyatua, mtutu unainama, risasi inapiga chini ya shabaha. Mwenyewe hajui, kwa sababu mlio unaficha kosa.

Cha tatu ni macho. Ukiacha ukiwa na miaka 32 na kurudi ukiwa na 45, lenzi ya jicho imekuwa ngumu na vitu vya karibu vina ukungu. Alama ya mbele ambayo zamani uliiona wazi sasa ni kivuli. Hapo tatizo si ujuzi hata kidogo, ni miwani.

Kisichoondoka haraka ni kujiamini. Kichwani unajiona bado ni yule yule wa siku ile uliyopiga vizuri. Pengo kati ya kujiamini kulikobaki na ujuzi uliopungua ndilo linaloleta ajali.

Mwanajeshi aliyeanza upya kwa mkono mwingine

Ujuzi unaweza kurudi kiasi gani? Károly Takács alikuwa mwanajeshi wa Hungary na mpiga bastola hodari. Mwaka 1938 bomu la mkono lililipukia mkono wake wa kulia, ule wa kufyatulia. Akaanza mazoezi kimyakimya kwa mkono wa kushoto. Vita vikafuta Olimpiki za 1940 na 1944. Mwaka 1948, London, akiwa na miaka 38, alitwaa dhahabu ya bastola mita 25, na mwaka 1952, Helsinki, akaitwaa tena.

Hakuanza kutoka sifuri. Mkono ulikuwa mpya, lakini kupumua, kusubiri, kusoma alama za kulengea na kuutuliza moyo vilikuwa vya zamani. Sehemu kubwa ya ujuzi wa shabaha haiko kwenye vidole.

Basi unarudi vipi?

Kwanza, rudi kama mwanafunzi. Fanya hivyo kwenye uwanja ulioruhusiwa, mbele ya mkufunzi, na nyaraka zako ziwe sawa kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Sebuleni si mahali pake.

Pili, anza bila risasi. Rudia hatua za kukagua silaha kwa sauti, moja baada ya nyingine, hadi mkufunzi aridhike. Usikubali kuharakishwa na aibu ya kwamba uliwahi kuwa afande wa watu.

Tatu, fanya mazoezi makavu, yaani kulenga na kufyatua silaha iliyothibitishwa kuwa tupu. Bila mlio, utaiona alama ya mbele ikiruka kidole kinapokosea. Baadaye mkufunzi anaweza kuchanganya risasi bandia kwenye magazini bila kukuambia ziko wapi. Ukikutana na bandia na mtutu ukainama, umekamata woga wako wazi.

Nne, anza karibu, mita 3 hadi 5, kwa risasi chache. Usihangaike na katikati ya shabaha, tazama kwanza matundu yamekaa karibu karibu kiasi gani. Risasi za mwanzo zitakuwa mbaya kuliko zinazofuata. Hiyo ni kawaida ya ujuzi unaoamka, usiitumie kujihukumu.

Tano, gawa siku. Alan Baddeley na D. J. A. Longman walichunguza wafanyakazi wa posta wa Uingereza waliokuwa wakijifunza kuchapa, wakachapisha matokeo mwaka 1978. Waliofanya saa moja kwa siku walihitaji saa chache zaidi kufikia kiwango kuliko waliofanya saa nne kwa siku. Cha kuchekesha, hao wa saa moja ndio walioridhika kidogo zaidi, kwa sababu siku zilikuwa nyingi. Kwa hiyo dakika 20 mara mbili kwa wiki, kwa miezi miwili, ni bora kuliko Jumamosi moja ya kumaliza boksi zima la risasi.

Ukishika kitu kimoja tu hapa, kiwe hiki: ujuzi hurudi kwa mpangilio tofauti na ule ulioondokea. Kujiamini hakukuondoka kabisa, kwa hiyo kutakuwa tayari mlangoni siku ya kwanza. Shabaha itarudi baada ya wiki kadhaa. Lakini usalama haurudi wenyewe. Huo lazima ufundishwe tena, kabla ya risasi ya kwanza kuingia kwenye magazini.