Kupitiliza Mapigo: Istilahi Moja ya Kompyuta

Miongoni mwa dhana zinazowatatiza wafasiri wa vitabu vya kompyuta ni ile ya kukiendesha kichakataji kwa kasi iliyovuka kiwango alichokiweka mtengenezaji. Baadhi yao huandika “kuharakisha saa”, wengine “kuongeza kasi”, na wengine “kuzidisha mapigo”. Makala haya yanazipima istilahi hizo na kupendekeza nyingine.

Kwanza tuitazame dhana yenyewe. Kichakataji hufuata mapigo ya umeme, kama wachezaji wa sindimba wanavyomfuata mpiga ngoma. Megahezi moja ni mapigo milioni moja kwa sekunde. Kichakataji hupokea mapigo ya ubao mkuu na kuyazidisha. Celeron 300A, iliyotolewa na Intel mwaka 1998, ilipokea megahezi 66 na kuzizidisha mara nne na nusu, ikapata takriban 300. Watumiaji waliourekebisha ubao mkuu utoe megahezi 100 walipata 450 bila kununua kichakataji kipya.

Sasa tuzipime istilahi:

(a) “Kuharakisha saa” humpoteza msomaji, kwani atadhani ni saa ionyeshayo majira.

(b) “Kuongeza kasi” ni pana mno. Hata anayeongeza kumbukumbu huongeza kasi, wala havuki kiwango chochote.

(c) “Kuzidisha mapigo” hugongana na hesabu: kichakataji huyazidisha mapigo kila siku, hata kikiwa ndani ya kiwango chake.

Kwa hiyo inapendekezwa “kupitiliza mapigo”, na nomino yake “upitilizaji mapigo”. Kitenzi “pitiliza” kinabeba maana ya kuvuka mpaka, na onyo limo ndani ya neno. “Kizidishi” kibakie jina la ile namba ya kuzidishia.

Onyo hilo si la bure. Volti zisipobadilishwa, umeme unaotumika katika kubadili hali za saketi, na joto litokanalo nao, huongezeka kwa kadiri ya mapigo. Volti zikipandishwa kwa asilimia 10, joto hilo huongezeka tena kwa asilimia 21 hivi. Joto la chumba nalo hujumlishwa humo. Mashine iliyostahimili Newala, juu ya uwanda wa Makonde penye ubaridi, yaweza kushindwa Masasi, chini ya uwanda, katika miezi ya joto kabla ya mvua.

Mwalimu mwenye kompyuta kuukuu, asiye na duka la vipuri karibu, yafaa aelezwe hivi: aondoe vumbi na kuhakikisha feni inazunguka, aongeze mapigo kidogo kidogo, akiijaribu mashine kwa saa kadhaa kila mara, na aandike kiwango cha awali ili aweze kukirudia. Ubao mkuu usioruhusu marekebisho haya uachwe kama ulivyo. Tena ajue kwamba mashine iliyopitilizwa yaweza kukosea hesabu bila kuzimika. Kompyuta inayojumlisha alama za mitihani haifai kufanyiwa hivyo.

Msomaji akikutana na “kuongeza kasi” atadhani amepewa faida tupu. Akisoma “kupitiliza” atauliza ni mpaka gani unaovukwa, na hilo ndilo swali linalompasa kuuliza kabla hajaifungua mashine. Wafasiri na walimu wanaombwa waijaribu istilahi hii katika kazi zao, na wenye pendekezo lililo bora walilete lijadiliwe.